Mkono Ulionishinda Kuchora

Dada,

Mimi huku mzima. Darasa la kuchora lilinitoa jasho mwanzoni. Kila uso niliochora ulifanana na kiazi, wenzangu wakacheka hadi basi. Mwalimu hachoki kusema, "Chora unachokiona, siyo unachokijua."

Juzi nikachora ile picha uliyonitumia: mama amekaa, wewe na mchumba wangu mmesimama kando yake. Kiunoni mwako nikaona vidole. Nikavifuta, nikidhani nimekosea. Nikatazama tena. Kimoja kina pete niliyomvisha mimi.

Mwalimu ameusifu mkono huo kuliko kazi zangu zote. Mchoro nimekuwekea humu.

Msalimie mama. Na huyo uliyekuwa ukimwita shemeji, mwambie siku hizi najua kuchora.

Mdogo wako