Sukari Iliyotangulia

Azilal, Ijumaa

Dada Itto mpendwa,

Theluji imeyeyuka, na kikohozi cha mama kimepungua. Ile skafu uliyomtumia haivui hata akilala.

Kazi ya chama chetu inakwenda. Sisi wanawake wahitimu tunapita vijijini wawili wawili, kuwaomba wazazi watupe mabinti zao waje bwenini kwetu wasome. Hatuendi mikono mitupu. Tunabeba bonge la sukari, kama wabebavyo wanaokwenda kuposa.

Jumatatu tulikwenda kwa Mzee Moha, kumwomba atupe Tuda, bintiye wa miaka kumi na minne, wa kwanza darasani. Nilipotoa sukari, mzee akacheka.

"Haa, na nyinyi mnaposa?"

Akanionyesha rafuni. Palikuwa na mabonge mawili, katika karatasi yake ya buluu.

"Wenzenu wamewatangulia wiki iliyopita, mwanangu. Kunyweni chai."

Wiki iliyopita niliahirisha safari, eti barabara ina tope. Kama vile hao waposaji walipita hewani!

Tuda mwenyewe ndiye aliyetuletea chai. Aliponiinamia akaninong'oneza, "Dada, kile kitanda mlichoniwekea bwenini sasa mtampa nani?"

Nikanywa.

Walipokuja kukuposa wewe ulikuwa na umri wake, nami nilikuwa na miaka saba. Ulinimiminia chai huku machozi yanakutoka. Nakumbuka nilichokwambia, dada. Nilikuomba uniongezee sukari.

Mdogo wako,
Yezza