Siku Tulipoinyamazisha Pikipiki ya Kasimiri

Temeke, Jumapili. Mvua imekata tangu alfajiri lakini mawingu bado yamekaa juu ya mabati.

Kasimiri wangu amelala. Mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, na damu imepenya kitambaa. Nimeubusu mkono huo mara nyingi sana leo, hata akaniambia niuache upumue. Bado nampenda kiasi cha kunitia aibu. Akikohoa tu, moyo wangu unaruka.

Kurasa zote nilizojaza tangu harusi ni maua matupu: macho yake, sauti yake, anavyokunja mikono ya shati akitoka kazini.

Leo naandika damu.

Lazima nianze na pikipiki, maana yote yametokana nayo. Kasimiri ni karani wa ghala la mbao kule Keko, na pikipiki yake yenye kiti cha ubavuni aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuja na bomba la moshi la kawaida, lenye adabu. Akalitoa. Akafunga jingine fupi, la mashindano, aliloletewa na baharia, lisilo na kitu cha kumeza sauti ndani yake. Likinguruma, vikombe vyangu vya harusi vinatetemeka kabatini. Mie nililipenda! Nilikuwa nalisikia tangu kule kwenye mikorosho, naweka chai motoni, najipaka wanja haraka haraka. Mtaa mzima ulijua mume wangu anarudi, nami nilitaka wajue.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Mzee Pazi na mkewe Bi Tatu. Mzee ni Mzaramo, Kasimiri Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Mie wa kusini nilishtuka sana mwanzoni. Wanatukanana asubuhi na jioni, wanaitana watumwa, wanazikana wakiwa hai, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kasimiri aliniambia ndivyo ilivyo tangu babu zao. Nikazoea, halafu nikawa napenda kusikiliza.

Alhamisi jioni Mzee Pazi alisimama katikati ya njia, kanzu ameipandisha magotini kwa sababu ya tope.

"We mpagazi! Punda wako huyo anajamba kama anakata roho. Ukipita naye hapa tena, namkata mkia!"

"Mkate, mtumwa wangu, tupate supu!"

"Sikutanii leo. Mke wangu anakufa humo ndani kwa makelele yako."

"Na afe basi, tuje tule pilau ya matanga. Ila safari hii usituwekee mifupa mitupu!"

Barazani watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, huku namwonea fahari mume wangu kwa ulimi wake. Mzee Pazi aligeuka, akaingia ndani. Nikadhani ameishiwa maneno.

Ijumaa nilipita nyuma ya nyumba yao nikienda kisimani. Bi Tatu alikuwa amekalishwa mlangoni, ameegemea mto, mguu umefungwa majani. Nikamwambia shikamoo mama. Hakuitikia. Alinitolea meno yote, nyusi zimepanda juu, kama mtu anayenicheka khanga yangu mpya. Nilinuna mpaka mchana. Kasimiri aliporudi nikamwambia: huyo anayekufa nimemwona, anacheka.

Tukacheka tena.

Shajara, ningeweza kuukata mkono ulioandika sentensi hiyo, lakini nitauhitaji kumalizia hadithi.

Jana Jumamosi ghala lilifungwa mchana. Nikasikia bomba kwenye mikorosho, nikatoka mlangoni na wanja wangu. Mzee Pazi naye alitoka. Alikuwa na shoka.

Hakusema neno. Ningesikia hata tusi moja, pengine ningeamini bado ni mchezo. Kasimiri alipopunguza mwendo kukwepa dimbwi, mzee aliinua shoka kwa mikono miwili akalishusha kwenye bomba. Cheche zikaruka. Akapiga tena, bomba likapasuka ubavuni, na sauti iliyotoka hapo sijawahi kuisikia duniani, kama ng'ombe anachinjwa kwa kisu butu. Kasimiri akanyoosha mkono kumzuia. Pigo la tatu liliteleza kwenye chuma likapita kwenye mkono wa mume wangu.

Shati lile nililipiga pasi kwa mkaa asubuhi ileile. Lilikuwa jeupe.

Nikaruka. Mie niliyesoma mpaka darasa la kumi, niliyefundishwa kutembea na kitabu kichwani, nilimrukia mzee wa makamo ya baba yangu nikamng'ata begani mpaka nikasikia chumvi. Alinitupa chini kama mzigo wa kuni. Kasimiri akampiga ngumi ya mdomo, wakaanguka wote wawili kwenye tope, wakaviringishana, shoka limezama dimbwini, damu ya mmoja usoni mwa mwingine. Nilikuwa napiga kelele: "Mpige! Mpige!" Ndiyo, mimi. Nilitaka afe.

Pikipiki ilikuwa bado inanguruma peke yake.

Halafu Mzee Pazi, akiwa chini, koo limebanwa na mkono wa mume wangu, aliacha kupigana. Akakunjua ngumi zake, akaweka viganja juu ya tope.

"Zima," alisema. "Niue, lakini kwanza izime. Nakuomba, zima."

Kasimiri alimwachia, akazima. Ndipo tukasikia miguu ya kitanda ikigonga sakafu ndani ya nyumba.

Mimi ndiye niliyeingia. Bi Tatu alikuwa amepinda kama upinde, kisogo na visigino ndivyo vilivyogusa godoro, kati hapo ningeweza kupitisha mkungu wa ndizi. Ameng'ata ulimi, damu inatoka pembeni mwa mdomo, na bado anacheka lile cheko la Ijumaa. Halikuwa cheko. Nilimtazama machoni, macho hayakuwa yanacheka hata kidogo. Yalikuwa yananiona. Alijua kila kitu kinachompata.

Shuleni tulifundishwa: pepopunda. Taya hukaza, uso hujikunja, na kila kelele au mwanga wa ghafla huuvuta mwili wote kama kamba. Alikanyaga msumari wa ubao wa zamani, mzee alisema. Walimwita mganga wa mitishamba, alishindwa. Juzi mzee mwenyewe alimpakia kwenye mkokoteni ampeleke hospitali, lakini kila gurudumu lilipogonga shimo mke alipinda mpaka pumzi ikakatika, akarudi naye. Gari la wagonjwa haliji huku barabara ikiwa tope. Na kila jioni, pikipiki yetu.

Kasimiri alipiga magoti mbele yake, mkono unachuruzika.

"Mzee wangu, nilidhani..."

"Najua ulidhani nini," Mzee Pazi alimkata, akatema damu. "Hata mimi ningedhani hivyohivyo."

Begani kwake meno yangu yalikuwa yanaonekana, yote, kama yamechorwa.

Kilichoweza kupita tope lile na kufika hospitali kabla ya jioni kilikuwa kimoja tu. Kiti cha ubavuni kina springi, kinalaza mtu vizuri. Lakini kumweka Bi Tatu pembeni mwa bomba lile lililopasuka ni sawa na kummalizia kwa shoka.

Kwa hiyo tukaanza kulinyamazisha. Nilimfunga Kasimiri mkono kwa kipande cha shela langu la harusi. Wakaisukuma pikipiki mpaka kwenye mikorosho, mbali na nyumba, wakakata sehemu iliyopasuka kwa msumeno wa chuma. Mzee Pazi alileta makumbi ya nazi, akayaloweka, akayashindilia ndani ya bomba kwa mpini wa jembe. Kasimiri akapiga kiki. Kwa dakika moja mlio ulizama, injini inakoroma kama mtu aliyezibwa pua. Halafu makumbi yakashika moto, moshi ukajaa, na kile kizibo kikatoka kama risasi ya mzinga kikamgonga mzee paja. Alianguka. Mlio ule nadhani walisikia mpaka Chang'ombe. Mimi nilikimbia ndani, nikamkuta Bi Tatu amepinda tena, midomo ya samawati, na nikamshika mabega nikimwambia upuuzi, mama pumua, mama pumua, mpaka akapumua.

Nilitoka nikiwa na hasira nisiyoijua. Nilivunja kabati langu. Si kulifungua, nililivunja, maana ufunguo sikuuona. Nikachukua mkebe wa biskuti wenye picha ya Malkia wa Uingereza siku aliyovikwa taji, zawadi ya harusi kutoka kwa bosi wa Kasimiri, nikazimwaga biskuti sakafuni. Nikachukua manyoya yote ya chuma ya kusugulia sufuria tuliyopewa na shangazi za mume wangu, ambayo nilikuwa nayatumia kwa uchoyo. Chuma hakishiki moto kama makumbi. Hiyo tu ndiyo ilikuwa akili yangu.

Kasimiri alinielewa kabla sijamaliza kusema. Mume wangu huyu! Alitoboa sehemu ya mwisho ya bomba kwa msumari na nyundo, tundu kando ya tundu, kwa mkono mmoja, huku Mzee Pazi akimshikia bomba na msumari kwa nguvu zote. Nyundo iliteleza mara mbili ikampiga mzee kidole. Hakutukana. Ukimya wake ulinitisha kuliko shoka. Bomba wakalipitisha katikati ya mkebe, nafasi iliyobaki tukaishindilia manyoya ya chuma, tukafunga kwa waya, tukaziba mianya kwa udongo wa kichuguu, juu yake gunia lililoloweshwa. Uso wa Malkia ukafunikwa matope. Niliogopa kidogo, kisha sikuogopa tena.

Kisha nikaenda kwa Bi Tatu. Nilichana mto wetu wa harusi, ule nilioudarizi mwenyewe, nikatoa sufi nikamziba masikio, nikamfunga kilemba. Nikamshika mkono. Kazi yangu ilikuwa moja: wao watawasha kule mbali na kusogea polepole, nami nikiona amekaza, nipunge khanga dirishani wazime.

Nikasikia imewaka. Ikaanza kusogea. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu anayesaga nafaka nyumba ya jirani. Ikakaribia. Vidole vyake vikajikunja ndani ya kiganja changu. Nikainua khanga. Shingo yake ikasimama mishipa, mgongo ukaanza kuacha godoro, kidogo, nafasi ya kupita kitabu. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama, na kwa macho yale alinikatalia. Alikuwa anataka waje.

Nikashusha khanga.

Pikipiki ikafika mlangoni. Mgongo ukarudi chini.

Walimlaza kwenye kiti cha ubavuni juu ya godoro letu, amefunikwa uso kwa khanga nyeusi. Mzee Pazi alikaa nyuma ya Kasimiri, mkono mmoja umeshikilia ukingo wa kiti, mwingine umembana kiunoni mtu aliyetaka kumuua. Niliwaona mpaka walipopinda. Kasimiri anasema njiani Bi Tatu alipinda mara moja tu, lori lilipopiga honi, na wakati huo mzee alimlalia mkewe kifudifudi akaziba sauti kwa mwili wake. Gunia lilikauka likaanza kuungua walipokaribia mjini. Mkebe ulifika hospitali umekuwa mwekundu, na sasa umetoboka. Mkono wa Kasimiri waliushona hukohuko.

Leo baada ya kanisa tulikwenda. Bi Tatu yuko katika chumba chenye mapazia meusi. Kachomwa sindano za dawa. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema siku zinazokuja ndizo ngumu, wengine hushinda, wengine huchoka. Muuguzi anaruhusu mtu mmoja tu kukaa naye, bila viatu, bila neno. Mzee Pazi amekaa usiku kucha na asubuhi walimtoa, maana analia na hawezi kulia kimya. Nilimkuta ukumbini, bega limevimba. Nikamwambia shikamoo.

Aliniuliza kama naweza kumpokea zamu kesho.

Mimi nilidhani najua mapenzi ni nini. Nimeyaandika humu kurasa kwa kurasa, kwa beti za kuazima. Wale wawili sijawahi kuwasikia wakiambiana neno tamu hata moja. Mke anamwita mumewe kibogoyo, naye mume anamwita gunia la mkaa. Jana nilimwona kibogoyo huyo akiweka viganja juu ya tope.

Mie ni mtu wa maneno mengi, shajara, wewe wajua. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshaanza kusimulia. Kesho Kasimiri atanipeleka kwa miguu, tutatoka mapema. Nitavua viatu mlangoni, nitaingia gizani, nitakaa karibu na yule mama niliyemcheka, na kutwa nzima sitamwambia kitu.

Nitamshika mkono tu, nihesabu pumzi zake.