Vumbi Kwenye Kioo cha Tochi

Ofisi ya Vipimo, ghorofa ya pili,
Jumamosi asubuhi, 9 Machi

Mpendwa Kaka Futikamba,

Pokea salamu tele za mdogo wako Chiriku. U hali gani huko? Mgongo umepoa? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila Baba macho yanamwisha. Daktari anasema mwaka hautaisha kabla hajapofuka. Kila siku anakuulizia, na wewe una miaka kumi na moja hujatia mguu nyumbani.

Unalikumbuka bohari alilokuwa Baba akilifungia taa? Ule ujia mrefu usio na dirisha, unanuka rangi mbichi! Mmoja wetu anaenda na tochi, mwingine anakadiria hatua kwa mwanga tu. Hukukosea hata hatua mbili, ndiyo maana tukakuita Futikamba. Mimi nilikuwa bingwa wa kuropoka. Siku zile nazililia, Kaka.

Basi mwenzio hadi leo nacheza mchezo uleule, huku kazini tunakopima umbali wa nyota! Kuna nyota ambazo zikilipuka, mwanga wake tunajua ni kiasi gani, kama ile tochi. Iliyofifia iko mbali. Waliotutangulia walizipima wakashika vichwa: za mbali zimefifia kuliko walivyotegemea. Ulimwengu unatanuka, na kasi inazidi. Kinachousukuma tunakiita nishati ya giza. Ukiniuliza ni kitu gani, nitakukodolea macho tu.

Mwezi uliopita nilichemsha. Nyota moja niliipeleka mbali mno. Mkuu wetu, mama asiyecheka ovyo, akanirudishia karatasi: “Wewe, vumbi umelitoa?” Kumbe njiani kulikuwa na vumbi, limemeza mwanga, na nyota iko karibu kuliko nilivyoandika. Nilijifungia chooni nikalia, na wenzangu wakadhani nalilia hesabu.

Kaka, ni mimi. Siku ile Baba aliposema atakayeshinda ndiye atakayemrithisha ufundi, nilikipaka kioo cha tochi vumbi la saruji. Ukataja hatua sitini, nami nilisimama kwenye arobaini. Ukaapa kwamba tochi imechezewa, Baba akakuita mwongo mbele ya mafundi wote. Mkanda wa vifaa nikafungwa mimi, ambaye baadaye niliuvua nikaenda kusomea nyota, na wewe ukafunga mizigo. Nikanyamaza. Naona haya hadi kuandika.

Jana nimemwambia Baba. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alipapasa kabatini akaitoa ile tochi, akafuta kioo kwa pindo la shati, akafuta tena na tena.

Nisamehe, ndugu yangu. Usiponisamehe, njoo hivyohivyo, uje unigombeze hapahapa.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Shangazi naye anakusalimu. Mungu akunyooshee njia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa dhati,
Chiriku

Nilitaka kusahau: Baba anasema ukifika usiingie kwanza. Tochi utaikuta getini. Simama hapo umwashie, zamu hii anakadiria yeye.