Jani la Mgomba na Dirisha la Ofisi

Mpendwa Taata, baba yangu,

Jumamosi nilikwenda kutazama filamu kwenye ukumbi wa parokia, Kamachumu. Inahusu mji wa mbali ambako Wazungu huingia dukani kwa mlango wa mbele, na watu weusi hununua mkate kupitia kidirisha cha nyuma. Ukumbi mzima uliguna. Jirani yangu kwenye benchi akasema, “Afadhali kwetu mambo hayo hayapo.” Lakini kidirisha hicho nakijua. Anayekifungua kila asubuhi ni mimi.

Ulifariki kabla hujaniona nikiwa karani, kwa hiyo nikueleze. Ofisini kwetu Muleba tunaandika barua za utambulisho. Wenyeji huingia na kukaa. Wale ambao Kihaya chao kina lafudhi ya ng'ambo ya mpaka, hata waliozaliwa hapa hapa, husubiri nje, nami huwahudumia dirishani. Hakuna palipoandikwa hivyo. Mkuu wangu alinielekeza siku ya kwanza, nikatii. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na yeye ndiye atakayesema kama nibaki.

Nilipotoka ukumbini nilimkumbuka Yohana, yule kibarua wetu kutoka ng'ambo. Nilikuwa na miaka tisa. Uliniambia niwape wazee waliotutembelea, pamoja na Yohana, punje za kahawa za kutafuna, kama tunavyomkaribisha kila mgeni, nami nikawapelekea wote kwenye kikapu chetu kidogo, isipokuwa Yohana. Yake niliiweka kwenye kipande cha jani la mgomba, kama nilivyoona wakifanya kwa jirani. Hukunigombeza. Ulichukua kikapu, ukamimina kahawa yote juu ya jani lake, ukasema, “Basi leo wote tunakula kwenye jani.” Wazee wakainama mmoja mmoja mbele ya Yohana kuchukua punje zao. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu mvua ilikuwa ya manyunyu. Nje alisimama mama mmoja, khanga yake imelowa mabegani. Nikamwomba mkuu nimwingize.

“Wa dirishani ni wa dirishani,” alisema bila kuinua kichwa.

Nilifunika kalamu, Taata. Kisha nikawageukia waliokaa kwenye benchi. “Wazee wangu, naomba radhi. Leo nawahudumia wote dirishani.”

“Binti, na magoti yangu haya?” akauliza mzee mmoja.

“Hata wewe, babu. Yule mama naye ana magoti.”

Alichungulia nje, akamwona. Akachukua fimbo yake akatoka, na wengine wakamfuata. Pale kwenye manyunyu alifungua kitambaa chake cha kahawa, akampa yule mama punje kwanza, kisha akatafuna yeye. “Karani,” akaniita kupitia dirishani, “huyu alifika kabla yangu. Anza naye.”

Mkuu alikuja mlangoni, akatazama benchi tupu na wazee wanaolowa. Mwishowe akasema, “Waingie.”

“Akina nani, mkuu?”

“Wote, bwana. Wote.”

Yule mama alikaa katikati ya benchi. Dirisha nililifunga mwenyewe. Komeo lilikuwa na kutu, nikaligonga kwa kiatu. Leo ni Ijumaa na halijafunguliwa.

Habari ya mkataba bado sijaisikia, na ninaogopa, sitakudanganya. Lakini nimenunua kikapu kidogo, nimekiweka mezani kwangu, kimejaa kahawa.

Pumzika, Taata. Jani lako nimelielewa.

Ni mimi binti yako, yule yule mwoga.