Kitabu Kilikuja Jumatatu au Jumanne

Jumatatu, 3 Februari

Uji. Vidonge viwili. Kisha nikampigia simu wakili wa Toronto nikamwelekeza namna ya kuendesha kesi.

Uongo. Yeye ndiye aliyepiga, mimi nilikuwa chooni, na simu aliishika Rebeka. Nikatoka nimeshikilia suruali. Mke wangu ananiambia, "Unatafutwa na mahakama ya Kanada." Nikarudi chooni.

Mambo yenyewe, kama nilivyoyaelewa. Binti yetu Nekesa ana duka la kahawa na maandazi kule Toronto. Duka ni lake, jina la duka ni la kampuni kubwa. Sasa wenye maduka ya jina hilo wanaishtaki kampuni, wote kwa kesi moja. Wakili anataka Nekesa asimame mbele kwa niaba ya wenzake, maana ndiye mwenye ushahidi mzuri. Ushahidi wenyewe ni daftari langu! Lile nililoandika mwaka juzi nilipomtembelea, wakati analinunua duka. Krismasi nilimsomea ukurasa mmoja kwa simu, kumchekesha tu. Hakucheka. Aliniambia nisome tena.

Nimefurahi. Nimeogopa pia. Najua mle ndani nilimtukana mkwe.

Jumanne, 4 Februari

Nekesa amenieleza sheria nusu saa nzima. Nilikuwa naitikia tu.

Nimeelewa baadaye, nilipofikiria ng'ombe. Kwetu Bungoma mtu mwenye mifugo mingi anakuwekea ng'ombe wake umfugie. Maziwa unakunywa, mavi unazoa, ng'ombe anabaki wake. Ndivyo lilivyo hilo duka. Kahawa lazima anunue kwao, sukari kwao, hata kitambaa cha kufutia meza kwao, na bei wanapanga wao. Hiyo bei ndiyo wanayoshtakia wote.

Lakini Nekesa ana lake zaidi. Kwetu, kabla hujampokea ng'ombe, mwenyewe anakuambia mbele ya mashahidi: huyu anapiga teke, huyu titi moja limekufa. Kumbe na Kanada ni hivyo hivyo. Kampuni lazima ikupe kitabu chenye kasoro zote, ukae nacho siku kumi na nne kabla ya kutia sahihi. Nekesa alitia sahihi Jumatatu. Kampuni inasema kitabu ilikileta Jumatatu ya wiki mbili nyuma yake. Kumi na nne, imepona. Daftari langu linasema Jumanne. Kumi na tatu, imeshikwa mkia, na Nekesa anaweza kudai pesa yake. Nekesa mwenyewe hakumbuki siku, na risiti ya kitabu haina tarehe.

Nyumba yao waliiweka rehani kwa ajili ya duka hilo. Hilo hakuniambia yeye. Ameniambia mama yake.

Jambo moja limenishinda kabisa. Nimeuliza, ni nani na nani wamejiandikisha kwenye hilo kundi la washtaki? Anasema hakuna anayejiandikisha. Jaji akishalikubali kundi, kila mwenye duka yumo, hata aliyelala. Ukitaka kutoka ndiyo unaandika. Chama gani hicho? Kwenye chama chetu hapa Hagsätra, Stockholm, huingii bila kutia sahihi. Ukitaka kutoka, unatoroka.

Alhamisi, 6 Februari

Wakili anataka daftari litafsiriwe na mtu mwenye muhuri. Mwenye muhuri anakaa Akalla. Kutoka mwisho wa reli hadi mwisho wa reli nyingine. Nimesinzia njiani, mama mmoja akanitikisa akidhani nimekufa. Nimemwambia bado.

Mtafsiri anaitwa Bi Saumu, mtu wa Tanga. Kanipa shikamoo, kanipa chai ya tangawizi, kisha kafungua daftari akashindwa kusoma mwandiko wangu. Ikabidi nimsomee mimi, yeye aandike. Kwa leo kurasa mbili tu, zile za kitabu.

Amesema, "Mzee, Kiswahili chako kimevunjika miguu yote minne."

Nikamjibu, "Lakini kilifika Kanada, Bi Saumu. Chako kimeishia Akalla."

Tulipofika pale nilipoandika kwamba mkwe wangu anapika supu ya maji ya kuoshea miguu, alicheka hadi akavua miwani. Nimemwomba aandike "supu nyepesi". Akakataa. Amekula kiapo, eti hata tusi analivusha lilivyo.

Na pale penyewe panasema hivi: "Jumanne, saa saba usiku. Mtu wa kampuni ameleta kitabu kinene nyumbani. Viatu vinang'aa. Amekula samaki wetu, kipande kikubwa."

Bi Saumu akaandika. Hakuuliza kitu, na mimi sikuwaza kitu.

Jumapili, 9 Februari

Rebeka amewatangazia kanisa zima kwamba mimi ni shahidi. Mchungaji ameniombea ulimi wa kweli. Amechelewa. Nina miaka sabini na minne.

Jumatatu, 10 Februari

Kikao cha kwenye kompyuta. Wakili katika kidirisha kimoja, msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Bi Saumu katika kingine. Nekesa katika cha tatu, amekonda. Mimi cha nne, nusu ya uso, mpaka Rebeka alipokuja kuisogeza.

Wakili ameuliza jambo moja tu ambalo sikulitarajia. Mtu wa kampuni analeta kitabu nyumbani kwa watu saa saba usiku? Na anakaa kula samaki?

Nimeomba swali lirudiwe. Mimi, mwenye majibu kabla ya maswali!

Nekesa akadakia, "Alichelewa, sivyo Baba? Siku ile alichelewa sana."

Wakili akamwambia amwache mzee akumbuke mwenyewe. Akasema daftari hili lina uzito kwa sababu liliandikwa siku ile ile, na mtu ambaye hakujua kama kutakuwa na kesi. Ijumaa nitatoa kiapo.

Nimemwona Nekesa akiniangalia. Alikuwa akiniangalia hivyo akiwa mdogo, akitaka nimwambie daktari kwamba sindano haihitajiki.

Jumanne, 11 Februari

Nakumbuka samaki. Nakumbuka viatu. Nakumbuka dirisha liko wazi na watoto wa jirani wanacheza mpira, na jua bado lipo.

Jua saa saba usiku? Ulikuwa mwezi wa sita, sawa, lakini kule si Kiruna, kaskazini kabisa ya Sweden. Au nachanganya na hapa? Nimeishi miaka mingi mno kwenye nchi ambayo jua halijui kulala.

Kichwa kinauma. Nimekosana na Rebeka bila sababu. Sababu ilikuwa soksi.

Jumatano, 12 Februari

Nimejua.

Ilikuwa zamu yetu ya kufua. Tumekaa chini kule kwenye chumba cha mashine, tunangoja. Rebeka anataka kumpigia Nekesa, ananiuliza kule ni saa ngapi. Nikamwambia toa saa sita. Akasema, "Na wewe ulikuwa ukinipigia hospitali kila siku saa mbili kamili asubuhi, nikimeza vidonge. Kule ilikuwa mchana?"

Ilikuwa saa nane za usiku.

Rebeka alikuwa amengoja operesheni ya nyonga muda mrefu kwenye foleni. Walimwita wiki ile ile niliyopanda ndege. Alinikataza kurudi, tikiti imelipiwa. Basi sikuigeuza saa yangu ya mkononi. Saa na tarehe, vyote viliendelea kwenda kwa Stockholm, nijue anaamshwa lini, anakula lini, anapelekwa chumba cha kupasuliwa lini. Watu nimewaambia saa ilinishinda kurekebisha. Si kweli. Naweza kuirekebisha nikiwa nimefumba macho.

Na daftari niliandika kwa saa hiyo.

Kwa hiyo mtu wa kampuni hakuja Jumanne saa saba usiku. Alikuja Jumatatu saa moja jioni, wakati wa chakula, kama mtu mwenye adabu. Kampuni inasema kweli. Siku ni kumi na nne.

Mashine iliposimama Rebeka alitoa nguo. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwezi mzima hukulala?" Nikamwambia nililala mchana, kazi ya kupiga deki nilikuwa nawaachia wengine. Uongo. Akanipa upande wa shuka tukunje.

Alhamisi, 13 Februari

Hakuna anayejua ila sisi wawili, na Rebeka amesema hili ni langu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Alichelewa kwa sababu ya mvua kubwa. Alipotea njia. Gari lilimharibikia, akasukumwa na Mhindi mmoja mwenye kilemba cha njano. Huyu Mhindi ametoka vizuri sana. Nimeanza kumwona.

Kisha nikafungua kurasa nyingine za daftari, zile ambazo Bi Saumu hajaziona. "Saa tisa alasiri, chai ya asubuhi." "Saa sita usiku, tumetoka sokoni, jua kali." Kurasa zote ziko hivyo. Wakili wa kampuni akizidai ataona hata akiwa na chongo. Halafu Nekesa atasimama mbele ya wenzake wote na baba mwongo mgongoni.

Lakini huenda wasizidai.

Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani. Siku moja tu! Mtu anaweza kukosa nyumba kwa sababu babake alikuwa anampenda mamake?

Ijumaa, 14 Februari

Nimesema.

Nilianza na mvua. Nilifika kwenye mvua, nikamwona Bi Saumu ameinamisha kichwa anaandika, tayari kuivusha ilivyo. Nikashindwa. Nikamwambia, futa hiyo mama, andika hivi. Nikaeleza saa, hospitali, jua, watoto wa mpira, yote. Bi Saumu alitafsiri taratibu. Pale kwenye vidonge vya saa mbili alikunywa maji kwanza.

Wakili hakukasirika. Aliandika sana. Akasema ni afadhali ameyasikia kwangu kuliko kwa upande wa pili, na kwamba sasa itabidi mtu mwingine asimame mbele ya kundi.

Nekesa alikasirika. Aliacha Kiingereza, aliacha hata Kiswahili, akanipiga kwa Kibukusu kama nyanya yake. Kisha akasema, Bi Saumu akisikia, "Maisha yangu yote umenidanganya kuhusu chui uliyemuua kwa rungu. Chui, Baba! Nimewasimulia hadi watoto wangu. Halafu siku moja ninayouhitaji uongo wako ndiyo unaamua kuokoka?"

Kidirisha chake kikazimika.

Sijui kama nilisema kwa sababu ni kweli au kwa sababu niliogopa kushikwa. Nimejaribu kuyatenganisha mchana kutwa. Hayatengani.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Sitaki kupongezwa.

Nekesa hajapiga.

Jumanne, 18 Februari

Hajapiga. Rebeka amepiga yeye, wamezungumza jikoni, mlango umefungwa. Nimesikia "mzee ni mzee" mara mbili. Nimekohoa ili wajue nipo.

Nimemwandikia wakili, kupitia kwa Bi Saumu, kumuuliza kama Nekesa akitolewa mbele ndiyo ametolewa na kwenye kundi. Na je, nimwandikie mtu barua arudishwe? Bi Saumu amejibu kwa niaba ya wakili: hajatoka. Hakuandika kutaka kutoka, basi yumo. Hata wewe mzee usifanye kitu chochote. Hapo kwenye "chochote" amepigia mstari.

Jumanne, 25 Februari

Theluji imelainika. Nimeenda mpaka kituoni na kurudi, bila fimbo. Na fimbo, sawa.

Nekesa amepiga saa moja jioni ya hapa, kwake ni adhuhuri. Dakika ishirini na mamake, dakika tatu na mimi. Mama mmoja wa Kivietinamu ndiye atakayesimama mbele badala yake, ana duka kule kaskazini ya mji. Kesi ya bei inaendelea na yeye yumo kama wengine, itachukua miaka. Hili lake la kitabu limekufa. Nyumba bado iko benki. Ameongeza saa za kufungua duka, anafungua na Jumapili.

Amesema wiki ile hakuwa na hasira na ukweli, alikuwa na hasira na saa. Sijaelewa vizuri. Nimesema ndiyo.

Halafu akaniuliza kama ni kweli nilikuwa naamka saa nane usiku kila siku. Alikuwa akinisikia kwenye ngazi, akadhani ni kibofu. Nikamwambia kilikuwa kibofu pia.

Alipokata nimetafuta miwani. Kisha nikamwandikia ujumbe, kidole kimoja kimoja, Rebeka akanisahihishia. Nimeunakili hapa:

Mwanangu, nilipiga deki duka lako wiki mbili bila mshahara, ukaniahidi kofia ya wafanyakazi. Mpaka leo sijaiona. Nitumie. Ile yenye jina la kampuni mbele, nataka kuivaa kwenye treni. Chagua kubwa kabisa, kichwa cha baba yako unakijua.