Noti ya Twiga

Mjukuu wangu Kulwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nyasubi tu wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mpunga.

Umeuliza lini picha ya rais iliondoka kwenye noti akaja twiga. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiuza wali machimboni Mwakitolyo. Mchimbaji mmoja, Masanja, alinilipa noti ya twiga. Sikuwahi kuiona. Nikapiga kelele, "Noti bandia!" Wenzake wakampiga mpaka jicho likapofuka.

Kesho yake mwenye duka akaniambia noti ile ni halali, ila ni mpya. Nikaenda kumwomba Masanja radhi.

"Usiniambie mimi, dada," akasema. "Waambie wao."

Sikuwaambia. Niliogopa. Wewe ndiye wa kwanza kusikia.

Bibi yako