Kuku wa Kamaliza na Mkono wa Sebarenzi

Nyamitaba, tarehe 14 Machi 1955

Mpendwa mdogo wangu Ladislas,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zangu zikufikie hapo Kalima, wewe na mke wako Mukashema pamoja na mtoto. Mgongo wako umepona? Kile kikohozi cha vumbi la mgodi kimepungua? Kunywa maziwa kama unayapata, ingawa nasikia huko wanawauzia maji yaliyotiwa rangi. Sisi ni wazima, isipokuwa mume wangu Sebarenzi, na yeye ndiye sababu ya barua hii.

Najua shemeji zangu wamekwisha kukuandikia. Wamekwambia kwamba Léonard, jirani yetu mlimaji, amemkata Sebarenzi kwa panga bila sababu, na kwamba uje na mkuki wa baba. Nasikia umeomba ruhusa kazini. Basi kaa chini usome, maana mimi nilikuwa pale na wao hawakuwapo.

Unamkumbuka Adelaïde, mke wa Léonard. Ndiye mama wa ubatizo wa binti yetu Kamaliza. Kamaliza alipopokea komunyo ya kwanza, Adelaïde alimletea jogoo na mitetea. Sisi watu wa ng'ombe unatujua, hatuli kuku wala mayai, lakini zawadi ya mama wa ubatizo utaikataaje? Tukawaweka. Kwa kuwa hakuna aliyewachinja, walizaana mpaka nyumba ikawa yao na sisi tukawa wageni. Mama mkwe alikuwa akiwatazama kama watoza kodi.

Shida ilianza maharagi yalipoota. Kuku waliruka ua kila asubuhi wakaenda kufukua shamba la Léonard. Alikuja kwa heshima, kofia mkononi. "Papa Sebarenzi, ukate hizi kuku bawa. Zinamaliza maharagi. Watoto watakula nini?" Sebarenzi akaona haya kumwuliza bawa hukatwaje. Mwenye ng'ombe aulize mambo ya kuku! Akafanya kama anavyozoea kupunguza kwato za ng'ombe, kushoto na kulia sawasawa. Kuku wakaruka vilevile, chini kidogo tu kuliko jana.

Hapo hasira ikampanda. Aliwakamata mmoja mmoja akawakata tena kwa kisu mpaka nyamani. Damu ilimrukia usoni. Nilimpigia kelele aache, hakunisikia. Na kuku, Ladislas, ni viumbe vibaya. Wakiona damu kwa mwenzao hudonoa hapo hapo. Walidonoana mchana kutwa, wengine wakafa wametolewa matumbo na dada zao.

Jioni jogoo alipenya chini ya ua akiburuta mabawa yake, akaenda kule kule kwenye maharagi. Léonard akampiga jembe, kichwa kikabaki kinaning'inia. Mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa sababu tulikuwa tunakama, basi akamrusha juu ya ua. Akaangukia ndani ya chansi, chombo chetu cha maziwa, mama mkwe akiwa amekipakata magotini. Yule jogoo bado alikuwa anapigapiga, na maziwa yakawa mekundu mpaka juu.

Hakuna haja nikueleze maana yake kwetu, damu ya kuku kuingia katika maziwa, kwamba ni mkosi juu ya ng'ombe wote. Mama mkwe alipiga yowe kama mtu aliyefiwa. Sebarenzi akachukua fimbo yake ya kuchungia, akavunja ua, hakuuliza neno. Pigo la kwanza lilimpata Léonard sikioni. La pili lilimvunja meno. Mtu alikuwa amepiga magoti, damu inamtoka mdomoni, na mume wangu anainua fimbo tena. Ndipo Léonard aliposhika panga lililokuwa pale kwenye udongo, akaukata ule mkono ulioinuliwa. Nimeuona mfupa kwa macho yangu.

Wanaume majirani waliokuja kwa lile yowe walisimama tu. Adelaïde alikimbia, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga mkono na kuukaza kwa meno, huku mume wake mwenyewe akitema meno kando. Nami nilikuwa namtukana anapofunga. Nilimwambia wametutupia mzoga katika maziwa. Alinitazama bila kuelewa. "Mama Kamaliza, ile njo nyama yenu. Sisi, ukiua kuku ya mwenzako mu shamba, unamurudishia apike. Kama tungeibakisha, si mungesema tumeiba?"

Nilikaa chini pale pale kwenye damu. Miaka yote hii tunatenganishwa na ua mmoja wa miti, na sikulijua jambo hilo.

Sasa Léonard amefungwa boloko, gerezani kule Masisi, na chefu atasikiliza kesi wiki ijayo. Shemeji zangu wanataka niseme kwamba Léonard ndiye aliyeanza. Nitasema nilichokiona, kwamba fimbo ilitangulia panga. Sebarenzi hasemi nami tena. Vidole vyake havikunjiki, hawezi kukama. Kila asubuhi naona anajaribu, maziwa yanamwagika, na ninalia kwa sababu nampenda yule mjinga. Lakini nitasema.

Jana Adelaïde alinionyesha kwa kuku wake jinsi bawa linavyokatwa. Alikunjua bawa moja tu, la pili akaliacha, akakata manyoya marefu kwa mkasi, mahali pasipo na damu. Yule mtetea alijaribu kuruka, akapinduka upande, akajikung'uta, akaenda kula. Hakuna hata tone. Nilicheka, halafu nikakasirika sana, kwa sababu ni kitu kidogo kiasi hicho.

Shemeji zangu wameapa kuichoma nyumba ya Adelaïde, yeye na watoto wamo ndani. Wanakungoja wewe tu, maana wewe ndiye unayesifiwa kwa mkuki. Njoo, Ladislas, lakini njoo mikono mitupu, ukame ng'ombe wa shemeji yako. Ukija na mkuki wa baba, ujue kwamba siku hizi nalala kwa Adelaïde, na kitanda changu nimekiweka mlangoni. Utaanza na mimi.

Nisalimie sana Mukashema, umbebe mtoto kwa niaba yangu. Umsalimie na Nzabonimpa wa Kibabi mliye naye kambini. Kamaliza anakusalimu, anauliza kama huko kuna mvua. Mungu awalinde, na akushike mikono yako yote miwili.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Anastasie Mukarugwiza,
nyumbani kwa Adelaïde